Mali bila daftari: Tuyawekee akiba mabaraza yetu ya intaneti

Kwa mtu wa visiwani baraza ni sehemu ya nyumba kama ulivyo mlango. Hapo ndipo watu wanapopashana habari za bei ya samaki na za misiba, ndipo penye kahawa na mabishano, na ndipo vijana wanapojifunza kunyamaza wakubwa wanaposema. Katika miaka ishirini hivi iliyopita sehemu kubwa ya baraza hilo imehamia katika intaneti. Mtu aliyeko Muscat, dada yake aliyeko Wete na mpwa wao aliyeko London hukaa leo juu ya baraza moja wasiloliona kwa macho, wakaulizana, wakafundishana, wakatungiana mashairi na kujibizana, wakachangiana fedha za maziko na za masomo.

Hilo ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini wazee wetu walituachia neno kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mazungumzo haya ni mali. Ndani yake mna elimu, mna historia ya mitaa na koo, mna lugha yetu katika hali ambayo hakuna kamusi iliyopata kuiandika. Basi yatupasa tuulize: daftari la mali hii analiweka nani, na siku mwenye nyumba atakapoamua kufunga mlango, nani atabaki na yaliyosemwa?

Hatuulizi swali la kubuni. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga GeoCities, ambako mamilioni ya watu walikuwa wamejijengea kurasa zao. Aprili 2019 Google iliufunga mtandao wake wa Google+. Mwaka huo huo ikajulikana kwamba MySpace imepoteza picha, video na nyimbo zilizowekwa katika miaka kumi na mbili, na idadi ya nyimbo peke yake ilikisiwa kufikia milioni 50, katika kazi ya kuhamisha mitambo tu. Na baina ya mwisho wa 2019 na Desemba 2020, Yahoo iliyafuta mazungumzo ya Yahoo Groups kisha ikaifunga huduma yenyewe, huduma ambayo jumuiya nyingi zilizotawanyika duniani zilikuwa zimeifanya ukumbi wao wa mkutano. Katika yote hayo hapakuwa na vita wala mafuriko. Mwenye nyumba aliamua, au mwenye nyumba hakuangalia, na wapangaji wakakuta hawana kitu.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, watu wengi duniani wamegeukia mitandao ya kijamii isiyokuwa na mmiliki mmoja. Mtandao unaojulikana zaidi katika aina hiyo ni Mastodon, programu iliyotolewa mwaka 2016 na Eugen Rochko wa Ujerumani, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuiendesha bila ya malipo. Seva za Mastodon huzungumza kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha rasmi Januari 2018. Msomaji asiyejua mitambo na afikirie posta. Kila seva ni kama posta ya mtaa wake: ina msimamizi wake, ina masharti yake na ina masanduku ya watu wake, lakini barua ya posta moja hufika katika posta nyingine zote. Hakuna tajiri mmoja awezaye kuzifunga zote kwa siku moja. Kwa watu wa visiwa vidogo, waliozoea kuamuliwa mambo na walio mbali, mpango huo una mvuto mkubwa, na una haki ya kuwa nao.

Hapa ndipo penye neno letu la leo. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa mtandao umetawanywa, basi na kumbukumbu zake zimekwisha kuhifadhiwa. Dhana hiyo ni hatari. Kutawanya ni jambo moja na kuhifadhi ni jambo jingine. Nyumba kubwa ilipokuwa moja, dhamana ya kuweka daftari ilikuwa ya mtu mmoja, hata kama hakuitimiza. Nyumba zilipokuwa elfu, dhamana hiyo imegawanyika mara elfu, na kila nyumba isiyoibeba sehemu yake itapotea peke yake, kimya kimya, bila ya gazeti lolote kuandika habari zake.

Mifano imekwisha kupatikana. Seva ya mastodon.technology, iliyokuwa makao ya mafundi wengi wa kompyuta, ilifungwa mwishoni mwa 2022 kwa sababu msimamizi wake hakuweza tena kuubeba mzigo. Julai 2023 seva ya vlemmy.net, iliyokuwa ikitumia programu ya Lemmy kwa ajili ya mabaraza ya majadiliano, ilitoweka bila ya kutoa notisi. Desemba 2024 shirika la Mozilla, lenye jina na uwezo, liliifunga seva yake ya mozilla.social. Mwishoni mwa Juni 2025 ikafungwa lemm.ee, moja ya seva kubwa za Lemmy, na wasimamizi wake walieleza wazi kwamba watu wa kuiendesha hawatoshi. Hao wa mwisho walitoa notisi na kufunga kwa heshima, nasi tunawasifu kwa hilo. Lakini notisi hata iwe ndefu vipi haimfai mtu asiyejua la kufanya nayo.

Huenda msomaji akasema kwamba barua zilikwisha kupelekwa katika posta nyingine, kwa hiyo nakala zipo. Ni kweli kwamba andiko la mtu linapokwenda kwa wafuasi wake, seva za wafuasi hao huweka nakala. Lakini nakala hizo ni za kupitia tu. Picha za wageni hufutwa katika seva nyingi baada ya muda ili kuokoa nafasi. Jibu lililotoka mahali ambako seva fulani haina mawasiliano napo pengine halikufika kabisa, hivyo kila seva ina vipande vya mazungumzo na haina mazungumzo kamili. Zaidi ya hayo, Mastodon ina amri ambayo msimamizi anayefunga seva yake huitumia kuziarifu seva zote zinazoijua kwamba akaunti zake zimefutwa, nazo huziondoa nakala zilizokuwa nazo. Yaani seva inapofungwa kwa utaratibu mzuri, yale yaliyotawanyika nayo hufutwa. Utaratibu huo una sababu ya haki, kwa kuwa mtu ana haki ya kuondoka na maneno yake, lakini yeyote aliyekuwa akitegemea nakala ya jirani na ajue kwamba jirani ataambiwa aichome.

Liko jambo la pili lisilofikiriwa sana, nalo ni jina. Katika mitandao hii anuani ya mtu imefungamana na jina la seva yake, na jina hilo lina kikomo ambacho mara nyingi ni cha nchi fulani. Katika mwaka 2023 Mali ilirudisha mikononi mwake usimamizi wa majina yenye kikomo cha .ml, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakigawiwa bure na kampuni ya nje, na jumuiya moja ya Lemmy ikajikuta imepoteza anuani yake. Februari 2024 wakuu wa Afghanistan walilisimamisha jina la seva moja ya Mastodon iliyokuwa ikitumia kikomo cha .af. Mashine zilikuwepo na watu walikuwepo, ila kibao cha mlangoni kilikuwa kimeng'olewa, na bila ya kibao hicho seva nyingine hazikuweza kuijua nyumba. Nchi yenye jina ina haki ya kulisimamia. Lililo muhimu ni kwamba jumuiya ichague jina lake kwa macho yaliyofunguka, iliandikishe kwa jina la jumuiya na si la kijana mmoja aliyejitolea, na ilipie ada yake kabla ya siku kufika.

Kabla ya kuingia katika mashauri tunaomba tukumbushe jambo moja la kwetu pwani, kwani linaonesha ni kitu gani hasa kinachotakiwa kuhifadhiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, hakuandika diwani. Mashairi yake mengi yalikuwa maneno ya barazani: aliulizwa akajibu, alichokozwa akachokoza, naye alikuwa na wenzake wa kujibizana nao, wakiwemo wa Lamu. Nusu karne baadaye mashairi hayo yalikuwa katika vifua vya wazee, na vifua havidumu. Yaliokoka kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika kwa khati za Kiarabu, na W. E. Taylor, aliyekuwa Mombasa tangu miaka ya 1880, akashirikiana naye katika kuyanakili na kuyafafanua. Karatasi hizo zimehifadhiwa London, na kutokana nazo William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Laiti Mwalimu Sikujua angedhani kwamba kwa kuwa kila mtu Mombasa anazijua beti mbili tatu basi mashairi yamehifadhika, leo tungekuwa na jina la Muyaka bila ya Muyaka.

Funzo lake ni hili. Shairi la kujibizana likikosa jibu lake ni nusu ya jambo, na mazungumzo ya barazani ni hivyo hivyo. Mastodon humruhusu kila mwenye akaunti kuomba kumbukumbu ya maandiko na picha zake, mara moja kila siku 7, nayo huletewa katika faili moja. Ni huduma nzuri na tunawahimiza wasomaji waitumie. Lakini faili hiyo ina maneno ya mwenyewe tu. Maswali aliyoulizwa na majibu aliyopewa hayamo. Watu mia wakichukua faili zao mia na kwenda zao, baraza halipo tena. Kwa hiyo kazi ya kuweka akiba ina ngazi mbili: iko ya mtu na iko ya jumuiya, na moja haitoshi badala ya nyingine.

Tuanze na ya mtu. Kila mwenye akaunti katika mitandao hii na ajiwekee desturi ya kuchukua kumbukumbu yake, tuseme kila mwanzo wa mwezi, pamoja na orodha ya watu anaowafuata na ya wale aliowazuia. Orodha hizo zinaweza kuingizwa katika seva mpya kwa dakika chache. Afahamu pia kwamba akihama kutoka seva moja ya Mastodon kwenda nyingine, wafuasi wake huweza kuhamishwa pamoja naye, lakini maandiko yake ya zamani hubaki nyuma. Na kuhama kwa utaratibu huo hufanyika wakati seva ya zamani bado iko hai; ikishazimika, mlango umefungwa. Katika mtandao wa Bluesky, uliofunguliwa kwa watu wote Februari 2024 na kujengwa kwa itifaki nyingine, maandiko ya mtu yanaweza kuchukuliwa na kuhamishiwa seva nyingine pamoja na utambulisho wake, ingawa picha huchukuliwa mbali. Huo ni wepesi wa kupendeza, ila haumsaidii mtu ambaye hakuweka ufunguo wake wala nakala yake mahali salama.

Ya jumuiya ni nzito zaidi, nayo humwangukia msimamizi. Seva zinazotaka kutangazwa na wenyewe Mastodon katika orodha yao hutakiwa kutimiza masharti, na miongoni mwake yamo haya matatu: kuweka nakala za akiba kila siku, kuwa na mtu wa pili mwenye uwezo wa kuingia katika mitambo wakati wa dharura, na kuwapa watu notisi ya miezi 3 kabla ya kufunga. Kwa maoni yetu, jumuiya yoyote ya watu wetu itakayoanzisha seva yake, iwe ya wavuvi, ya walimu, ya washairi au ya watu wa kijiji kimoja walioko ughaibuni, ingeyachukua masharti haya matatu na kuyaandika katika katiba yake tangu siku ya kwanza. Sharti la mtu wa pili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Tumezoea kumwachia kila kitu yule kijana anayejua kompyuta. Naye ni binadamu, huugua, husafiri, huoa, na siku zake zikifika huondoka na maneno ya siri kichwani mwake.

Vitu vya kunakiliwa si vingi, lakini vyote ni vya lazima. Kwanza ni hifadhidata, ambamo mna akaunti, maandiko na mahusiano ya watu. Pili ni faili ndogo ya funguo za siri za programu, ambayo watu huisahau kwa sababu ya udogo wake, na pasi na hiyo kuirudisha seva katika hali yake huwa na taabu. Tatu ni picha, sauti na video zilizowekwa na wenyeji. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni nyepesi kuikariri: nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na nakala 1 iwe mbali na nyumba.

Kwa nini iwe mbali? Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021 jengo la mitambo la kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Waliokuwa wameweka nakala zao za akiba mahali pale pale walipoteza asili na nakala pamoja. Septemba 26, 2025 moto mwingine uliwaka katika kituo cha mitambo ya serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, ukateketeza hifadhi iliyotumiwa na watumishi wa serikali yenye ukubwa wa terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala nje kwa hoja kwamba ni kubwa mno kunakiliwa. Korea ni miongoni mwa nchi zilizoendelea sana katika mambo haya. Ikiwa yeye amekosa nakala, mwenye kompyuta moja juu ya kabati asijidanganye.

Sisi wa visiwani tuna sababu yetu zaidi. Unguja iliishi bila ya umeme kwa karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa kiasi cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa sababu ya hitilafu katika njia moja iliyotuletea umeme kutoka Bara kupitia chini ya bahari. Wenye vyakula katika majokofu na wenye hoteli hawajazisahau siku zile. Na Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi jirani. Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba nakala moja ikae hapa hapa kisiwani, mkononi mwa wenyewe, ili isomeke hata njia za nje zikikatika. Na nyingine ikae nje ya kisiwa, ili ibaki hata kisiwa kikipatwa na msiba. Atakayeweka zote nje atakuwa amewakabidhi wengine ufunguo wa nyumba yake, na atakayeweka zote ndani atakuwa amepakia mzigo wake wote katika jahazi moja.

Tena nakala isiyojaribiwa haijulikani kama ni nakala. Januari 31, 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, katika kuhangaika na hitilafu usiku, aliifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za kuweka akiba, na ilipozigeukia ikakuta nyingine hazikuwa zikifanya kazi na nyingine hazikuwahi kuwekwa sawasawa. Iliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa saa sita kabla, kwa bahati tu. Kampuni ile ilieleza mambo yote hadharani, na kwa hilo imewafunza wengi. Sisi tungependa kila jumuiya iwe na siku moja katika kila miezi mitatu ya kuirudisha nakala yake katika mashine tupu na kutazama kama inasimama.

Sasa tuje kwenye upande wa pili wa jambo hili, ambao wapenda kumbukumbu hupenda kuurukia. Akiba ya maneno ya watu yaweza kuwa hazina, na yaweza kuwa mtego. Mei 2023, huko Marekani, makachero wa FBI walipekua nyumba ya mmoja wa wasimamizi wa seva ya Kolektiva kwa shauri lisilohusu seva hiyo. Katika vifaa walivyovichukua mlikuwa na nakala ya hifadhidata ya seva nzima, ambayo haikuwa imefungwa kwa maandishi ya siri. Maelfu ya watu wasiohusika na shauri lolote wakajikuta habari zao ziko mikononi mwa wapelelezi. Ikumbukwe kwamba barua za faragha katika Mastodon hazikufungwa kiasi cha kumzuia msimamizi asizisome. Zimo humo humo katika hifadhidata. Kwa hiyo nakala yoyote iliyo nje ya seva ni lazima ifungwe kwa ufunguo wa siri, na ufunguo usikae pamoja na kufuli.

Halikadhalika kuna suala la ridhaa. Mtu aliyeuliza barazani juu ya maradhi yake, au mwanamke aliyeeleza shida za ndoa yake kwa wenzake, hakusema ili aandikwe katika tarehe ya nchi. Mastodon yenyewe, tangu toleo la 4.2 la Septemba 2023, humwachia kila mtu achague kama maandiko yake ya hadhara yaweze kutafutwa kwa maneno yaliyomo. Adabu hiyo ndiyo ya kufuatwa. Tunashauri kwamba jumuiya iweke madaftari mawili. La kwanza ni nakala kamili ya mitambo, iliyofungwa, isiyosomwa na mtu, inayodumu kwa muda mfupi tu kwa ajili ya kuinusuru seva, kisha ikafutwa kwa zamu. La pili ni la kudumu, nalo litiwe yale tu ambayo wenyewe wameridhia: mafunzo, mashairi na majibu yake, habari za mitaa, mijadala ya hadhara yenye faida. Barua za faragha na picha za watoto zisiingie humo kabisa. Na anayetaka lake litolewe, litolewe bila ya kuulizwa sababu.

Kwa waheshimiwa wakuu wa serikali tuna maneno matatu, na tunayasema kwa heshima na kwa uwazi.

La kwanza ni kwamba ofisi za umma nazo zinazungumza na wananchi katika intaneti. Matangazo ya kipindupindu, ratiba za meli, majibu kwa malalamiko ya maji, yote hayo leo hutolewa katika kurasa zinazomilikiwa na kampuni za nje, na kampuni hizo zaweza kuyaondoa kesho. Ujerumani imeweka seva yake ya Mastodon kwa ajili ya ofisi za shirikisho, na Uholanzi imefanya hivyo kwa ofisi zake. Umoja wa Ulaya ulianzisha seva ya majaribio ya EU Voice Aprili 2022. Ilipofungwa Mei 2024 kwa kukosa ofisi ya kuichukua moja kwa moja, Kamisheni ya Ulaya ilikwisha kujitayarishia seva yake. Hata serikali tajiri, basi, yapasa iseme tangu mwanzo ni ofisi gani itakayolea mtoto. Tangazo la umma ni waraka wa umma, nao wastahili nakala katika hifadhi ya nyaraka pale Kilimani kama unavyostahili waraka wa karatasi.

La pili ni kwamba wahifadhi wetu wa nyaraka wapewe mafunzo na vifaa vya kupokea daftari lile la pili, la hiari, kutoka kwa jumuiya zitakazopenda kulikabidhi. Tusisubiri mgeni aje na kisanduku chake, kisha wajukuu wetu wapande ndege kwenda kusoma London maneno yaliyosemwa Mkoani.

La tatu ndilo gumu. Hakuna jumuiya itakayoweka daftari ikiwa inahofia kwamba daftari hilo litageuzwa hati ya mashitaka. Jamhuri ya Muungano ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na sheria ya namna hiyo ina maana pale tu ofisi kubwa na ofisi ndogo zinapoiheshimu sawasawa. Panapokuwa na shauri la haki, mahakama ipo, na iombwe kile kinachohusu shauri lile peke yake. Na panapotakiwa kusimamisha jina au seva kwa mujibu wa sheria, wenyewe wapewe notisi na muda wa kuchukua kilicho chao. Hata mpangaji anayetolewa kwa amri ya mahakama hupewa nafasi ya kutoa vyombo vyake.

Wasomaji wetu wengine watasema kwamba haya ni mambo ya watu wenye nafasi, na kwamba maneno ya barazani huja na kupita. Hatukatai kwamba mengi yapaswa kupita. Lakini katika mengi hayo mna machache ambayo hakuna aliyeyaandika mahali pengine: jina la mwamba ambao wavuvi huupa tahadhari, dawa ya mti iliyoelezwa na bibi kwa sauti yake, ubeti uliotungwa asubuhi na kujibiwa jioni. Hayo yakipotea hayatafutiki. Kazi ya kuyanusuru haihitaji msaada wa mfadhili wala mkutano wa siku tatu hotelini. Yahitaji diski mbili, ufunguo mmoja uliotunzwa vizuri, watu wawili wanaoaminiana na desturi ya kila mwezi.

Akiba haiozi, wamesema waliotutangulia. Mitandao isiyo na mmiliki mmoja imetupa kitu tulichokikosa kwa muda mrefu, nacho ni uwezo wa kuwa na nyumba yetu wenyewe katika intaneti. Mwenye nyumba ndiye anayeweka hati yake. Shime, basi, kila jumuiya iketi wiki hii, imtaje kwa jina mtu wa kwanza na mtu wa pili watakaoshika daftari, na siku ya kuijaribu nakala iandikwe ukutani.